Wakati Uliomo Ndani ya Rangi

Picha ya kwanza niliyoichora kwa rangi za mafuta na kuiona imekamilika ilipasuka yenyewe ukutani. Ilikuwa picha ya mtu aliyekaa karibu na dirisha usiku. Nilikuwa nimeanza kwa kupaka giza la nyuma yake, rangi nyeusi, nene, iliyojaa mafuta, kisha siku chache baadaye, nilipoona imeota utando juu, nikapaka juu yake kijivu chepesi nilichokizimua kwa tapentaini. Ilipendeza, na nilijivunia. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, mwanga wa asubuhi ulipoipiga kwa ubavu, niliona ufa mwembamba kama unywele ukipita begani mwa yule mtu, na kando yake mwingine, na mwingine tena, mithili ya tope la bwawa lililokauka. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Tabaka la chini lilikuwa bado linakauka, likijivuta na kusogea polepole, ilhali tabaka la juu lilikwisha kuwa gumu na halikuweza kulifuata.

Hadi asubuhi ile nilikuwa nikiviona vifaa vya kuchorea kama watumishi: penseli huchora unachotaka, rangi hukaa unapoiweka, na kazi yote imo katika jicho na mkono. Tangu hapo naamini kwamba kila kifaa kina wakati wake, ambao hauharakishwi wala hauombwi kusubiri, na kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa mchoraji ni kuujua wakati huo na kuupangia kazi. Nimekuwa nikivisoma vifaa vya jadi kwa jicho hilo kwa miaka mingi sasa, na hapa nataka kueleza nilichokiona.

Nianze na mkaa, kwa sababu hakuna kifaa kinachomjibu mchoraji upesi kuliko huo. Mkaa wa kuchorea hupatikana kwa kuchoma vijiti vya mzabibu au vya mierebi mahali pasipoingia hewa, ili mti uungue bila kugeuka majivu. Mimi hutengeneza wa kwangu katika kopo la bati. Navimenya vijiti magamba, navikata virefu kama kidole cha shahada, navipanga vikiwa vimebanana, kisha nafunika kopo na kutoboa tundu moja dogo kwenye kifuniko. Kopo likikaa motoni, mvuke mweupe huanza kutoka pale tunduni, baadaye unageuka moshi mzito wenye harufu kali, na mwishowe unakatika. Ukikatika, kazi imekwisha. Hapo ndipo subira inapojaribiwa, maana kopo likifunguliwa kabla halijapoa, hewa huingia na vijiti vyote huwaka papo hapo. Kijiti kilichoiva vizuri hulia kama kigae chembamba kinapodondoshwa juu ya meza, na kilichobaki na ubichi ndani hukwaruza karatasi na kuacha mstari wa kahawia badala ya mweusi.

Mkaa haushiki karatasi. Umelala tu juu yake, katikati ya vinyweleo, na pumzi nzito inatosha kuuhamisha. Kwa hiyo mchoraji wa mkaa hufanya kazi kwa kuweka na kuondoa kwa pamoja. Hujaza giza kwa ubavu wa kijiti, hulisambaza kwa kiganja, kisha huufungua mwanga kwa kufuta. Kabla raba haijajulikana katika karne ya 18, wachoraji walifutia nyama ya mkate, na hadi leo raba laini ya kufinyangwa kwa vidole hufanya vilevile: hulinyanyua vumbi badala ya kulisugua. Napenda kuwaanzisha watu kwa mkaa kwa sababu hauna kinyongo. Mstari uliokosewa hupanguswa, na kivuli chake kinachobaki kwenye karatasi kinamwonyesha mchoraji alikopotea. Mchoro ukikamilika, hupulizwa dawa ya kukazia, ambayo kwa asili ni utomvu ulioyeyushwa katika spiriti. Bila dawa hiyo, kila anayeupitia karibu anaondoka na sehemu yake.

Penseli ni jambo jingine kabisa, na jina lake la zamani katika lugha yetu limebeba kosa la karne nyingi. Tunaiita kalamu ya risasi, na ndani yake hamna madini ya risasi hata chembe. Katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, lilipatikana jiwe jeusi lenye kung'aa lililoacha alama nzuri, na watu wakalidhania kuwa ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kuwa ni kaboni, ndugu wa mkaa, na baadaye likaitwa grafaiti. Penseli tunayoishika leo ilizaliwa na vita. Ufaransa ilipokatiwa grafaiti ya Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alisaga grafaiti duni, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuruni, na mwaka 1795 akapata hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Udongo ukizidi, ncha huwa ngumu na mstari huwa wa kijivu, na hizo ndizo penseli zenye herufi H. Grafaiti ikizidi, ncha huwa laini na nyeusi, nazo huandikwa B. Anayeshangaa kwa nini giza la penseli hung'aa likitazamwa upande asibonyeze zaidi, kwa sababu kubonyeza huzidisha mng'ao huo. Grafaiti imeundwa kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, na giza lake lina kikomo. Ukilihitaji lililo zito zaidi, rudi kwenye mkaa au nenda kwenye wino.

Maneno yetu yenyewe yanajua habari za wino kuliko tunavyodhani. Kalamu ni neno lililotujia kwa njia ya Kiarabu kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya tete, na karatasi nayo imepita njia hiyohiyo. Kila tunaposema kalamu tunataja unyasi uliochongwa ncha. Nimechonga mengi. Tete kavu hukatwa kwa mshazari, ncha hupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke, kisha hukatwa mraba. Halibebi wino mwingi, kwa hiyo mstari wake huanza umeshiba na huisha umekauka, na hautaki kupinda kwa madaha kama ule wa kalamu ya unyoya. Michoro ambayo mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliichora Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888 kwa kalamu za tete imejaa vijistari vifupi, vidoto na mikwaruzo, na yeyote aliyewahi kuishika kalamu hiyo anatambua kuwa sehemu ya mtindo ule ni ya msanii na sehemu ni ya tete.

Wino nao ni wa namna mbili kuu, na tofauti yao ni ya wakati. Wino wa masizi, kama ule wa Kichina unaokaushwa na gundi ya wanyama kuwa kijiti kigumu na kusagwa kwa maji juu ya jiwe, ukishakauka umefika. Weusi wake wa leo ndio wa miaka elfu. Wino wa chuma ni kinyume chake. Hutengenezwa kwa vinundu vinavyoota kwenye mwaloni wadudu wanapotaga mayai, vikachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Unapotoka kwenye kalamu huwa umefifia, kisha huvuta hewa na kukolea mbele ya macho yako, kwa saa na kwa siku, halafu baada ya miaka mingi hugeuka kahawia. Tindikali yake haikomi kufanya kazi. Ipo michoro ya zamani ambayo mistari yake imeila karatasi hadi ikawa matundu, ukiinyanyua unaona mwanga ukipenya pale palipokuwa na kivuli kizito. Aliyeichora aliweka giza, na muda ukaweka tundu.

Rangi yenyewe, kabla haijawa ya mafuta wala ya maji, ni unga. Huenda ndio ufahamu ulionisaidia kuliko wote, kwa kuwa dukani rangi hutenganishwa kama mataifa, ilhali unga mwekundu ni uleule. Kinachobadilika ni kile kinachoushikiza. Unga mkongwe kuliko wote ni udongo wenye kutu ya chuma, ule mwekundu ambao maseremala waliuita ngeu na kuupigia mistari ya msumeno. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wanaakiolojia walikuta magamba ya konokono wa baharini yaliyotumiwa kuchanganyia udongo huo yapata miaka 100,000 iliyopita, na kutoka pango hilohilo likatangazwa mwaka 2018 jiwe dogo lenye mistari myekundu iliyokatana, iliyochorwa kwa ngeu miaka 73,000 hivi iliyopita. Udongo huo haupauki, kwa sababu chuma kilikwisha kupata kutu yake ardhini na hakina tena cha kugeuka. Ninapotaka rangi isiyonitia wasiwasi, hushika udongo.

Buluu ina historia ngumu zaidi. Kwa karne nyingi buluu bora ilitokana na jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Kulisaga tu hakutoshi, kwa sababu ukilisaga pamoja na uchafu wake unapata kijivu. Mchoraji Cennino Cennini, aliyeandika Italia yapata mwaka 1400, ameeleza jinsi unga wa jiwe unavyokandwa ndani ya donge la nta na utomvu, donge likaachwa siku kadhaa, kisha likabinywabinywa ndani ya maji ya magadi hadi chembe za buluu zizame chini na uchafu ubaki katika donge. Maji ya kwanza hutoa buluu iliyokolea, ya mwisho hutoa majivu yaliyopakwa buluu kidogo tu. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alizawadiwa kwa kuitengeneza buluu hiyo tanuruni, na tangu hapo mchoraji wa kawaida akaweza kupaka anga lote bila kuhesabu kila tone. Sioni kuwa buluu ya tanuruni ni ya hadhi ya chini. Kilichopungua ni ukubwa wa chembe zisizolingana, ambazo katika ile ya jiwe huifanya rangi ionekane kama inapumua.

Sasa kishikizo. Nitakaa kidogo kwenye yai, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuwa mwepesi. Kinachotakiwa ni kiini peke yake, na hata utando unaokizunguka hautakiwi. Ninakipitisha kiini kutoka kiganja hadi kiganja, nikifuta mkono mmoja kila mara, mpaka ute wote umekwisha na kiini kimekauka juu, kinang'aa na kutikisika. Kisha nakishika utando wake kwa ncha za vidole viwili, nakining'iniza juu ya kikombe, na kukidunga kwa chini. Kiini hutiririka kama uzi mnene, na vidoleni hubaki ngozi nyepesi isiyo na kitu. Nadondoshea maji, nakoroga, kisha nachanganya na unga wa rangi uliokwisha kusagwa na maji juu ya kioo. Brashi ikigusa ubao, rangi hukauka kabla sijauinua mkono sawasawa. Haichanganyiki na jirani yake, haisambazwi, haiombwi irudi. Kwa hiyo wachoraji wa yai walijenga nyama ya shavu kwa mistari myembamba mamia kwa mamia, mwekundu juu ya kijani, mweupe juu ya mwekundu, hadi jicho lenyewe likaichanganya. Anayezitazama kwa karibu picha za Sandro Botticelli, mchoraji wa Italia wa karne ya 15, huiona mistari hiyo. Utulivu wake umetokana na rangi isiyoruhusu pupa.

Mafuta ya mbegu za kitani yalileta kitu kilichokosekana kwenye yai, yaani muda. Watu wengi hudhani kuwa rangi ya mafuta hukauka kama nguo, kwa maji kutoka. La. Mafuta hayo huvuta oksijeni kutoka hewani na kujifunga yenyewe kuwa ngozi ngumu, na kwa kuwa hewa iko upande wa nje, huanza kukauka juu na kuendelea kuelekea chini. Ndiyo sababu rangi inaweza kuonekana kavu na bado ndani ikawa kama siagi. Hapo ndipo nilipokosea katika picha yangu. Kanuni ya mafundi ni kuanza na rangi yenye mafuta machache na kuongeza mafuta kadiri tabaka zinavyopanda, ili kila tabaka likauke polepole kuliko lililo chini yake na kuweza kulifuata linaposogea. Mimi nilijenga kinyume chake, tena kwa rangi nyeusi, ambayo hunywa mafuta mengi na ni miongoni mwa zinazochelewa sana kukauka.

Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko inavyosimuliwa mara nyingi, kwani katika mapango ya Bamiyan, Afghanistan, zimepatikana picha za karne ya 7 hivi zilizopakwa kwa mafuta yanayokauka. Hata hivyo kwa muda mrefu rangi ya mafuta haikuweza kutoka nje ya karakana kwa urahisi, kwa kuwa ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi, vikitobolewa kwa msumari, na kikishatobolewa kibofu hakifungiki tena vizuri. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya bomba la bati lenye kukunjika. Kuanzia hapo mchoraji aliweza kuketi shambani na rangi 20 mfukoni. Juu ya picha iliyokauka kabisa hupakwa vanishi, na katika karne ya 19 vanishi nyingi ngumu zilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliochimbwa ardhini ukiwa umelala humo muda mrefu hadi kuwa kama jiwe. Nalitafakari hilo mara nyingi: utomvu uliosubiri gizani ndio uliowekwa kuilinda picha dhidi ya vumbi.

Ipo kazi ambayo wakati wake hupimwa kwa saa, nayo ni kuchora juu ya lipu mbichi ya chokaa. Unga wa rangi hutiwa maji matupu bila gundi yoyote, na chokaa inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, ikizifumbata chembe za rangi ndani yake. Fundi hupiga lipu ya eneo analoweza kulimaliza siku hiyo tu. Kinachobaki jioni hukwanguliwa, na kesho hupigwa upya. Katika dari la kanisa dogo la Sistine huko Vatikani, alilolichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512, maungio ya siku na siku bado yanafuatika. Leonardo da Vinci hakuupenda mwendo huo. Alitaka kurudia, kutazama, kuacha na kurudi, kwa hiyo picha yake ya Karamu ya Mwisho, ya mwaka 1495 hadi 1498, aliipaka juu ya ukuta mkavu. Ilianza kubanduka angali hai. Simlaumu, ninaifahamu tamaa ya kupata muda zaidi, na ninaona huzuni kwamba ukuta haukuwa nao.

Kuhusu brashi na karatasi nitasema machache. Singa za nguruwe ni ngumu na zimepasuka ncha, kwa hiyo hubeba rangi nzito ya mafuta. Manyoya ya mnyama aina ya kicheche wa nchi za baridi hukutana kwenye ncha moja na hushika maji mengi, kwa hiyo hufaa rangi za maji. Karatasi ya pamba iliyotiwa gundi huziacha rangi za maji zielee juu kitambo na kufutika. Ile ya mbao isiyosafishwa hugeuka manjano na kukatika. Nunua karatasi nzuri kabla ya rangi nzuri.

Lakini kuhusu sumu na kupauka siwezi kupita haraka. Risasi ambayo haimo katika penseli ilikuwamo katika rangi nyeupe. Vipande vya madini hayo vilifungiwa juu ya siki ndani ya vyungu, vyungu vikafukiwa katika samadi kwa wiki nyingi, na joto lake likaifanya risasi iote ganda jeupe. Weupe huo ulikauka vizuri na kunyumbuka vizuri, ukawadhuru waliousaga. Nyekundu ya zamani ilitokana na zebaki na salfa, na kijani fulani cha karne ya 19 kilikuwa na aseniki. Anayesaga unga wowote leo na avae barakoa, hata kama unga wenyewe ni udongo tu, kwa maana vumbi laini halitoki mapafuni.

Kupauka ni madhara ya aina nyingine. Rangi nyingi nyekundu na za zambarau zilitengenezwa kwa kufyonzesha rangi ya wadudu au mimea katika unga mweupe, na mwanga huzila. Van Gogh alipoichora picha ya chumba chake cha kulala mwaka 1888, alimwandikia ndugu yake kwamba kuta zilikuwa za zambarau hafifu. Leo ni za buluu. Wekundu uliokuwa umechanganywa na buluu umeondoka, na kitanda na viti vinazungumza na ukuta ambao hakuuchagua. Kwa sababu hiyo, kila rangi mpya ninayoinunua hupakwa kwanza kwenye ukanda wa karatasi. Nusu ya ukanda naibandika dirishani na nusu naifungia ndani ya kitabu, na baada ya miezi sita navilinganisha. Nimekwisha kuacha rangi mbili nilizozipenda sana.

Kifaa ninachokitumia zaidi siku hizi ni waya wa fedha. Karatasi hupakwa kwanza tabaka jembamba la unga wa mifupa na gundi, na likikauka huwa na mkwaruzo usioonekana, unaotosha kuikwangua fedha chembe kwa chembe. Mstari hutoka wa kijivu, mwembamba, haukolei hata ukibonyeza, wala haufutiki. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alijichora hivyo mbele ya kioo mwaka 1484, akiwa na miaka 13, na kila kosa la mkono wa mtoto yule bado lipo kwenye karatasi, pamoja na kidole kilichonyooshwa kwa uthabiti wa kushangaza. Fedha ikikaa hewani hugeuka kutoka kijivu kuelekea kahawia yenye joto, taratibu, kwa miezi.

Nimerudia kumchora yule mtu wa dirishani kwa waya huo. Nilipommaliza alikuwa wa kijivu chote, baridi, kama aliyeonekana kupitia ukungu. Sasa ni mwezi wa tano tangu nimmalize. Mikunjo ya shati, nilikopitisha mistari mingi, ingali kijivu, lakini pembeni mwa uso, upande ulio karibu na hewa ya mlango, kahawia imeanza kuingia.